Mlima Nao ni Kisiwa

Huenda wako wasomaji wetu, hasa walio katika vikosi vya jeshi na polisi, watakaoshangaa kuona safu hii leo inazungumzia mijusi. Askari, watasema, ana mambo mazito ya kufikiria: mpaka, barabara, doria ya usiku, usalama wa raia na mali zao. Mjusi ana nini na hayo? Sisi nasi tuliwahi kuuliza swali hilo hilo, tena kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichotusukuma hatimaye kuandika haya.

Ilikuwa asubuhi, miaka kadhaa iliyopita, kwenye kizuizi kimoja cha barabara itokayo Bwera kwenda Kasese. Tulikuwa tumefuatana na askari wa zamu ili tuandike habari za kazi yao. Ikaja pikipiki iliyofungwa katoni nyuma kwa kamba ya katani, na katoni ile ilikuwa imetobolewa matundu madogo pande zote. Kijana mmoja wa kikosi akaifungua, akatupa macho ndani, kisha akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Ndani walikuwamo vinyonga, wengi wao wametiwa katika vifuko vya kitambaa. Mmoja aliyekuwa amejinasua alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa katoni, kijani kibichi, na pembe tatu zimetokeza mbele ya uso wake kama kifaru mdogo. Mwenye pikipiki alisema kwamba yeye ametumwa tu. Yuko mtu mjini anayewanunua. Sisi tulikuwa tukitafuta bunduki, risasi na bidhaa za magendo. Vinyonga hawakuwamo katika orodha yetu. Mmoja wetu alitania kwamba hao ndio makomando halisi wa msituni, maana wanajua kujificha kuliko sisi. Tukacheka sote, na pikipiki ikaenda zake. Hatukumwuliza kibali.

Tangu siku hiyo tumesoma kidogo na kuwauliza waliosoma zaidi, na tumeona kwamba tulichokicheka hakikuwa cha kuchekwa. Lakini ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza tuuache mlima wetu, twende visiwani, kwani huko ndiko wataalamu wa elimu ya viumbe walikojifunza mengi kuhusu sababu zinazomfanya kiumbe awe mkubwa au mdogo.

Mnyama aliyefika kisiwani, ama kwa kuelea juu ya gogo, ama kwa kuachwa hapo bahari ilipopanda na kuikata nchi kavu, hujikuta katika hali ambayo mababu zake hawakuijua. Adui zake wengi wamebaki bara. Washindani wake nao wamebaki huko. Lakini chakula ni kile kile cha kisiwa, wala hakuna nchi ya pili ya kuhamia mwaka wa njaa. Mwaka 1964 mtaalamu wa wanyama J. Bristol Foster, ambaye pia aliwachunguza twiga wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alieleza katika jarida la Nature kwamba panya wa visiwani huelekea kuwa wakubwa kuliko ndugu zao wa bara, na kwamba wanyama wala nyama na wale wenye kwato huelekea kuwa wadogo. Mifupa iliyofukuliwa Sicilia na Malta, katika Bahari ya Kati, ni ya tembo ambao hata walipokomaa kimo chao begani kilikuwa kama mita moja tu. Askari wa kimo cha kawaida angeweza kutazama juu ya mgongo wa tembo huyo bila kujinyoosha.

Hapa hatuna budi kusahihisha kosa ambalo hata maofisa wenzetu hulifanya tunapozungumza mambo haya jioni. Hakuna tembo aliyenywea kwa kukosa chakula, kisha akawarithisha watoto wake kule kunywea. Askari akikonda kwa safari ndefu, mtoto wake hazaliwi amekonda. Jambo lenyewe ni hesabu ya walionusurika. Katika kila uzao wamo wakubwa kidogo na wadogo kidogo, kama vile katika kila safu ya makuruta walivyomo warefu na wafupi. Njaa ikiingia, mwenye mwili mkubwa anayehitaji posho kubwa hufa kwanza. Yule wa posho ndogo husalia, naye huzaa watoto wanaofanana naye. Mambo hayo yakirudiwa kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka, jamii nzima hubadilika umbo, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyebadilika katika maisha yake.

Kwa mnyama mdogo hesabu hiyo hugeuka. Bara, udogo ndio handaki lake: hupenya chini ya jiwe au katika ufa wa gogo ambako nyoka na kicheche hawamfikii. Kisiwani, ambako hakuna kicheche, handaki hilo halina kazi tena. Mwenye mwili mkubwa kidogo hupigana vizuri zaidi na mwenzake kwa ajili ya jike na mahali pa kuota jua, na jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi. Basi wadogo hukua, wakubwa hupungua, na wote wawili husogea kuelekea kimo cha katikati. Ndiyo kanuni ya kisiwa kama inavyosemwa kwa kifupi.

Mijusi, hata hivyo, wameitia kanuni hiyo katika mashaka, na hapo ndipo habari inapokuwa tamu. Katika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, aliishi zamani mjusi wa ukoo wa mjusi kafiri aliyefikia urefu wa karibu sentimita 40. Mauritius nako kulikuwa na mjusi mwingine, mkubwa kupita kiasi kwa jamii yake. Mtu akiishia hapo atasema kwamba kisiwa humkuza mjusi. Lakini mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba huko Nosy Hara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini mwa Madagaska, yuko kinyonga waliyemwita Brookesia micra, ambaye mzima wake hatimizi sentimita 3 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Mtoto wake alipigwa picha amesimama juu ya kichwa cha njiti ya kiberiti. Ikasemwa kwamba huenda kisiwa kilicho kando ya kisiwa ndicho kilichompunguza mara mbili. Miaka 9 baadaye, mwaka 2021, akatangazwa mwingine mdogo zaidi, Brookesia nana, naye hakutoka katika kijisiwa chochote, bali katika msitu wa mlimani ndani ya Madagaska yenyewe. Na Madagaska hiyo hiyo ndiyo nyumbani kwa vinyonga wakubwa kuliko wote duniani, ambao wengine hupita sentimita 60.

Yuko pia kenge wa Komodo, wa visiwa vya Indonesia, afikaye urefu wa mita 3. Kwa muda mrefu alitolewa mfano wa mjusi aliyekuzwa na kisiwa. Mwaka 2009 Scott Hocknull na wenzake walionyesha, kwa mifupa ya kale iliyofukuliwa Australia, kwamba kenge huyo alikuwa mkubwa tayari kabla hajafika visiwani. Alikuja na ukubwa wake. Bara alikufa, kisiwani akasalia.

Kwa hiyo hata wataalamu hawajapatana. Mwaka 2007 Shai Meiri, aliyelinganisha mijusi wa visiwani na wa bara wa sehemu nyingi za dunia, alisema kwamba mijusi kwa ujumla hawaifuati kanuni hiyo. Mwaka 2021 kundi jingine la watafiti, lililokusanya vipimo vya aina zaidi ya elfu moja za wanyama wenye uti wa mgongo, likasema kwamba kanuni ipo, na kwamba jamii ya nyoka na mijusi nayo huifuata. Sisi si waamuzi wa shauri hilo. Tunaloliona ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: ukubwa wa mwili si sifa ya bure. Hutegemea nani anakuwinda, nani anagombea chakula chako, baridi ni kali kiasi gani, na kama unayo njia ya kuondoka. Kiumbe ni jibu la mahali anapoishi, na mahali pakiwa padogo, pametengwa, jibu hilo halipatikani pengine popote.

Tena mabadiliko ya namna hii hayahitaji kila mara maelfu ya miaka. Mwaka 1971 jozi 5 za mijusi zilihamishwa kutoka kijisiwa kimoja cha Bahari ya Adriatiki, pwani ya Kroatia ya leo, zikawekwa katika kijisiwa cha pili kiitwacho Pod Mrčaru. Watafiti waliporudi miaka zaidi ya 30 baadaye waliwakuta wajukuu zao wana vichwa vikubwa zaidi na meno yenye nguvu zaidi, nao wamezoea kula majani kwa wingi, wakati wazee wao walikula hasa wadudu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008.

Lakini mfano ambao askari ataupenda kuliko yote ni ule wa Bahama. Huko kuna mjusi mdogo wa kahawia ambaye hupenda kukaa chini, karibu na ardhi. Mwaka 2003 Jonathan Losos na wenzake walichukua vijisiwa 12. Katika 6 wakaweka adui, yaani mjusi mkubwa zaidi awindaye ardhini, na 6 vingine wakaviacha kama vilivyokuwa. Kisha wakahesabu nani aliyebaki hai. Katika miezi 6 ya kwanza, palipo na adui, walionusurika zaidi walikuwa wenye miguu mirefu, kwa kuwa vita ilikuwa ya mbio. Lakini mijusi hawakukaa hapo hapo kungoja kuliwa. Walipanda vichakani, juu ya vitawi vyembamba ambako adui yule mzito hakuweza kuwafuata. Katika miezi 6 iliyofuata hesabu ikageuka kabisa: sasa walionusurika ni wenye miguu mifupi, kwa kuwa juu ya kitawi chembamba mguu mrefu ni mzigo. Ndani ya mwaka mmoja uwanja wa vita ulihama, na silaha iliyowaokoa jana ikawa hasara leo. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa somo hilo kwa majuma kadhaa, kwa ramani na mchanga mezani, na tunakiri kwamba hawa walilifundisha vizuri zaidi.

Sasa turudi nyumbani.

Msomaji aliyewahi kupangiwa kazi Kasese anajua joto la mji ule. Mji uko chini kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, uwanda umeenea hadi Ziwa George na mbuga ya Malkia Elizabeth, na karibu na Kikorongo mstari wa Ikweta hukata barabara. Lakini inua macho magharibi, siku isiyo na mawingu, utaona barafu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Wenzetu waliolinda mlima ule katika miaka ya vita, tangu waasi waliposhambulia Mpondwe tarehe 13 Novemba 1996 hadi mbuga ya Rwenzori ilipofunguliwa tena mwaka 2001, wanalijua jambo hili kwa ngozi zao. Waliondoka Kasese shati limelowa jasho, na usiku wa pili walilala wamejikunja kwa baridi, magodoro yao ni ukungu na matope. Walipanda kutoka nchi moja hadi nyingine bila kuvuka mpaka wowote.

Askari anaweza kupanda na kushuka, kwa sababu amevaa koti na amebeba chakula chake. Kinyonga wa msitu wa juu hawezi. Damu yake haina moto wake yenyewe. Hupata joto kwa jua na kulipoteza kwa kivuli, na mwili wake umepimwa kwa baridi na unyevu wa pale alipo. Uwanda wa Kasese kwake ni bahari. Hawezi kuuvuka kwenda milima ya Kigezi, wala kwenda mlima mwingine wa Kongo. Rwenzori, wenye urefu wa kilomita zipatazo 120, ni kisiwa kilichozungukwa na joto badala ya maji, na waliomo ndani yake wamekaa humo muda mrefu wa kutosha kuwa watu wa huko na si wa pengine.

Ushahidi upo wazi. Mwaka 1901 George Boulenger, wa jumba la makumbusho la Uingereza, alieleza vinyonga wawili waliotoka katika mlima huu. Mmoja ni yule wa pembe tatu, aliyepewa jina la Harry Johnston, kamishna wa Uingereza katika Uganda wa siku hizo. Huyu hufika sentimita 30, na hupatikana pia katika milima mingine ya Bonde la Ufa upande wa magharibi, hadi Rwanda na Burundi. Wa pili ndiye wa ajabu zaidi: dume lake lina bamba bapa mbele ya pua, kana kwamba limebeba sarafu puani, na jamii yake haijulikani mahali pengine popote duniani isipokuwa mlima huu, upande wa Uganda na upande wa Kongo. Mwaka 1929 akaelezwa mwingine tena, ndugu yake wa karibu, aliyeitwa kwa jina la Carpenter. Na wale wanaodhani kwamba mambo haya yalimalizwa na Wazungu wa zamani wafahamu kwamba mwaka 2024 tu kundi la wataalamu, wakiwamo wenzetu wa Uganda, lilitangaza kwamba kinyonga mbilikimo wa Rwenzori, afananaye na jani kavu na asiyefika sentimita 10, ni aina ya pekee. Wakampa jina la Milima ya Mwezi. Amekuwa akitembea chini ya buti za doria miaka yote hiyo, bila jina.

Wapo pia vinyonga wadogo wa huko juu, wenye mistari ubavuni, ambao hawatagi mayai. Yai lililofukiwa katika udongo wa baridi huchelewa mno kuanguliwa au hufa. Basi mama huyabeba mayai tumboni, huota jua kwa niaba yao, kisha huzaa watoto walio hai. Hatujui kama yupo mkuu wa ugavi aliyewahi kutatua tatizo la baridi kwa akili kuliko hiyo.

Kwa hiyo mlima mmoja una mkubwa wa sentimita 30 na mbilikimo asiyefika 10, kama vile Madagaska ilivyo na wakubwa na wadogo wa kupindukia. Mkubwa hukaa matawini na kukamata mawindo makubwa. Mdogo amejichagulia majani makavu ya ardhini. Hawagombani, kwa kuwa wamegawana nchi. Mtu anayewatia wote katika katoni moja na kuwaita vinyonga tu ni sawa na mtu anayeitazama kombania nzima na kuona sare tu.

Na kisiwa hiki kinapungua. Wapimaji wanasema kwamba mwaka 1906, mwaka ambao mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alifika kileleni, barafu ya Rwenzori ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya moja. Kinyonga hakai juu ya barafu, hilo twalijua. Lakini joto linaloyeyusha barafu ndilo hilo hilo linalopandisha mpaka wa uwanda. Bahari ya joto inapanda mlimani, na mkaazi wa kisiwa hana budi kupanda mbele yake. Na umbo la mlima ni lile la kichuguu: kadiri unavyopanda ndivyo nchi inavyopungua, na juu ya kilele hakuna pa kwenda tena.

Tumekwisha kutaja mijusi wakubwa wa Rodrigues na Mauritius. Hatukusema mwisho wao. Wote wawili hawapo tena duniani. Merikebu zilipofika zilishusha panya na paka, na mijusi waliokulia mahali pasipo na maadui wa namna hiyo hawakuwa na mbio wala handaki. Wakubwa ndio walioisha. Baadhi ya wadogo, wawezao kupenya katika ufa, wapo mpaka leo. Ukubwa walioupata kwa sababu ya amani ndio uliowasaliti siku amani ilipovunjika.

Katika Rwenzori merikebu ni katoni juu ya pikipiki. Ulaya na Marekani wapo watu wanaowafuga vinyonga ndani ya vizimba vya kioo kama pambo la sebuleni, nao huwapenda hasa wenye pembe na wenye sura ya ajabu, yaani wale wale wasiopatikana pengine. Kadiri aina ilivyo adimu ndivyo bei yake inavyopanda, na anayeipokea bei hiyo si kijana wa kijijini aliyepanda mti. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uitwao CITES, ambao Uganda iliuingia mwaka 1991, umewatia vinyonga hawa katika orodha yake ya pili: hawavuki mpaka kwa biashara bila kibali. Nayo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamtambua mjusi wa porini kama inavyomtambua tembo, ingawa wengi wetu tunapolisikia neno "wanyamapori" hufikiri pembe za ndovu tu.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba Bwera ina mambo makubwa kuliko vinyonga. Ni kweli. Hatuwezi kuusahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na yeyote atakayesema kwamba mjusi ni sawa na mtoto wa mtu hatutamsikiliza. Lakini kizuizi ni kile kile. Jicho linaloiacha katoni yenye matundu ipite kwa kicheko ndilo jicho litakaloacha katoni nyingine ipite kwa uchovu. Siku ile sisi hatukuwa tunapambana na adui. Tulikuwa tumesimama, tuna muda, na tulishindwa kuuliza swali moja.

Itasemwa pia kwamba kinyonga ni kiumbe wa mkosi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wazee wamesimulia kwamba yeye ndiye aliyecheleweshwa na mwendo wake alipotumwa kuwaletea wanadamu habari njema. Hatuwadharau wazee. Lakini tumemwona askari aliyepita katika mapigano bila kutetereka akikataa katakata kumgusa kinyonga kwa ncha ya kijiti, na mwingine akimponda kwa kitako cha bunduki pasipo sababu. Kinyonga hana sumu, wala hana meno ya kumdhuru mtu. Anachoweza kufanya ni kupanua kinywa, kubadili rangi na kuzomea. Mwenye silaha amwogope wa nini?

Basi ikitokea katoni ya namna ile mbele ya zamu yenu, yako mambo mawili ambayo tungependa tungeambiwa sisi siku ile. La kwanza, baada ya kuuliza kibali na kukikosa, msiwafungulie vinyonga hapo hapo kando ya barabara kwa nia njema. Kumtupa kinyonga wa msitu wa juu katika nyasi za uwanda, saa sita za mchana, ni kumtupa mtu katikati ya ziwa. Wawekwe kivulini, penye hewa, wanyunyiziwe maji kidogo, wasirundikwe pamoja kwani madume hupigana, na waitwe askari wa Mamlaka ya Wanyamapori. La pili ni gumu zaidi. Katoni iliyokamatwa Mpondwe huenda haikutoka Rwenzori kabisa, bali imetoka mbali ndani ya Kongo, katika mlima mwingine, yaani kisiwa kingine. Kumpandisha kinyonga huyo mlimani kwetu kwa kudhani mnamrudisha nyumbani ni kumleta mgeni, pamoja na maradhi yake, katikati ya watu ambao hawajawahi kuonana naye. Wataalamu hutazama pembe, magamba na umbo la kichwa, nao hujua ametoka wapi. Kwa hiyo mwandikieni dereva jina, andikeni alikopakia mzigo, na mwulizeni kijiji na kilima. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaonyesha njia ya kurudi.

Yule wa pembe tatu aliyekuwa ameng'ang'ania ukingo wa katoni alirudishwa ndani na mwenye pikipiki kwa mkono mmoja, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Sisi tuliinua kamba ya kizuizi. Tarehe ya siku ile tunayo katika daftari letu, na chini yake tumeandika habari za hali ya barabara, idadi ya magari yaliyokaguliwa, na kwamba hapakuwa na tukio lolote.